Dawa Ni Bure, Ugonjwa Si Bure



Fungueni Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia mstari wa 25. Habari hii mnaijua tangu shule ya Jumapili: mwanamke aliyetokwa na damu akapenya katikati ya umati, akaligusa vazi la Bwana, akapona. Wahubiri wengi huanzia kwenye vazi. Leo nawaomba tusimame kabla ya vazi, tusome polepole, kwa maana pale Marko amefanya kazi ya karani. Ameandika muda: miaka 12. Ameandika fedha: mali yote aliyokuwa nayo ilikwishia kwa waganga. Ameandika na matokeo ya tiba: nafuu hakuiona, hali ikazidi kuharibika. Muda, fedha, matokeo. Roho wa Mungu hakuona aibu kuiweka hesabu ya matibabu ndani ya Injili, nasi tusione aibu kuitaja kanisani.

Tunamwombea mgonjwa apone, na tunafanya vyema. Akipona anasimama mbele kutoa ushuhuda, tunapiga vigelegele, kwaya inaimba. Nani anamfuata nje kumuuliza: Mama, umebakiwa na nini? Meza yako sokoni iko kwa nani sasa? Yule binti wa kidato cha tatu amerudi shuleni? Marko anasema damu ilikauka mara moja. Hasemi kwamba mali ilirudi mara moja. Yule mama aliondoka pale akiwa mzima na akiwa hana kitu, na kesho yake alihitaji kula. Kuanzia hapo kazi imeachwa kwetu.

Nawaandikia ninyi wa soko la Kiboriloni kwa sababu hesabu mnaijua. Anayefungua belo la mitumba kando ya barabara hii ya Himo hahesabu bei ya belo peke yake. Anahesabu usafiri, anahesabu ushuru, anahesabu zile nguo zilizochanika na zenye madoa atakazoziachia kwa bei ya hasara, anahesabu hadi siku ya mvua ambayo wateja hawatapita. Lakini mfanyabiashara huyohuyo akiugua na kuambiwa kwamba dawa ni bure, anaamini kwamba ugonjwa wenyewe ni bure. Hapo ndipo anapofilisika bila kujua amefilisika kwa nini, na sisi tunaomzunguka tunasema ni mikosi, au ni mkono wa mtu.

Katika magonjwa yote nachagua kifua kikuu, yaani TB, maana kinatuhusu sisi watu wa Mlima Kilimanjaro kuliko tunavyopenda kukiri. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huu, na karibu miaka 100 baadaye bado inawapokea wagonjwa, wakiwamo vijana wetu wanaorudi kutoka machimbo ya Mirerani wakiwa na vumbi la mawe kifuani. Dozi ya TB katika nchi hii hailipiwi. Kupima makohozi hakulipiwi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, tena matunda yake yanaonekana: mwaka 2015 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa 306 kwa kila watu 100,000, na kufikia mwaka 2022 wamekuwa 195. Ni watu wetu hao waliookoka. Nawashukuru wauguzi wa kliniki za TB kwa jina la Bwana.

Sasa sikieni upande wa pili. Mwaka 2014 nchi za dunia, zikikutana chini ya Shirika la Afya Duniani, zilikubaliana mkakati wa kuitokomeza TB. Walilenga vifo vipungue na wagonjwa wapya wapungue. Lakini waliweka na lengo la tatu ambalo huku mitaani halisikiki: pasiwepo familia hata moja inayoangamizwa na gharama za TB. Wakaweka na kipimo chake. Jumlisha kila kitu ambacho ugonjwa umekula nyumbani. Kikivuka asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, hiyo ni gharama ya kuangamiza. Kisha nchi moja baada ya nyingine ikatuma watu kwenye kliniki kuwauliza wagonjwa wenyewe. Kenya ilikuta kaya kama 27 katika kila 100 zimevuka mstari huo. Uganda ilikuta 53. Tanzania, katika utafiti wa mwaka 2019, ilikuta 45. Na kwa wenye TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, zinapojumlishwa tafiti za nchi mbalimbali, ni zaidi ya kaya 80 katika kila 100.

Kaya 45 katika 100, na dawa ni bure! Fedha hiyo inakwenda wapi?

Chukueni kalamu. Mfano huu ni wangu, na namba nimeziweka mimi ili zijumlishike kwa urahisi. Kila mmoja aje aweke zake. Mama ana meza ya nguo za watoto. Siku ya kawaida anapata faida ya shilingi 10,000, na kwa mwaka anafungua siku 300, kwa hiyo kipato cha nyumba ni shilingi 3,000,000. Sehemu ya tano ya hizo ni 600,000. Huo ndio mstari wake. Akiuvuka, ameangamia kwa kipimo cha dunia.

Anaanza kukohoa. Anasema ni vumbi la belo. Anakwenda duka la dawa, anapewa chupa ya dawa ya kikohozi, wiki ya pili chupa nyingine na vidonge juu, wiki ya nne tena: 35,000. Anashauriwa zahanati ya kulipia, anaandikiwa sindano na picha ya kifua: 40,000. Wiki sita zinapita hivyo, na katika wiki hizo anafungua meza siku tatu badala ya sita, maana jasho la usiku limemmaliza. Siku 18 zimekufa: 180,000. Ndugu zangu, mpaka hapa shilingi 255,000 zimetoka na kidonge kimoja cha TB bado hakijaingia mdomoni!

Sasa anapimwa makohozi, anaambiwa ukweli, anaanza dozi. Mwezi wa kwanza hawezi kusimama: siku 26, 260,000. Nauli ya kufuata dawa, yeye na msindikizaji wake, tuseme safari 14 za shilingi 2,000: 28,000. Vidonge vinaleta njaa, na muuguzi amemwambia ale mayai, maziwa na nyama. Mkiweka 2,000 za ziada kila siku kwa miezi miwili, ni 120,000. Bei ya dawa zenyewe: sifuri. Jumlisheni. Ni shilingi 663,000.

Ameuvuka mstari, na hajalazwa hata usiku mmoja.

Tazameni tena ile hesabu, maana humo ndimo ujumbe wangu ulipo. Katika hizo 663,000, siku alizofunga meza ni 440,000, yaani karibu theluthi mbili. Hakuna risiti ya siku hizo. Hospitali haizioni, bima haizioni, bajeti ya wizara haizioni. Wanaoziona ni watoto waliokunywa uji bila sukari. Na kuna mambo ambayo sikuyaweka kabisa: mtaji ulioliwa, cherehani iliyouzwa, mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliochukuliwa ili kulipia mkopo wa kikundi, mtoto aliyebaki nyumbani kumwangalia mgonjwa. Watafiti wa gharama za TB nao huyauliza hayo: ulikopa? uliuza mali? mtoto aliacha shule? Wanauliza kwa sababu familia ikishauza mali yake, ugonjwa unaisha lakini umaskini unabaki. Sisi Wachaga tunajua maana ya kuuza sehemu ya kihamba, shamba la urithi. Huo mgomba uliokwenda haurudi.

Kisichohesabiwa hubebwa na maskini peke yake. Nililotaka kuwaambia ni hili, na mengine yote nayasema kwa ajili yake.

Kwamba Bwana anapenda hesabu ya namna hii, someni Luka 10. Msamaria anamkuta mtu njiani nusu mfu. Mnajua upole wake. Leo angalieni matumizi yake, maana Luka ameyaandika yote. Alimimina mafuta na divai: hiyo ni dawa. Alimpandisha juu ya mnyama wake: huo ni usafiri. Alimpeleka nyumba ya wageni: hayo ni malazi na chakula. Akakaa naye akimwuguza mpaka kesho yake, na safari yake mwenyewe ikasimama: hiyo ni siku ya kazi iliyopotea. Kesho yake akatoa dinari mbili, na kwa kuwa Mathayo 20 inatuonyesha dinari moja kuwa ujira wa kibarua kwa siku, mtu yule alitoa ujira wa siku mbili. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: aliacha hesabu wazi. Akamwambia mwenye nyumba kwamba kitakachozidi atakilipa akirudi. Alijua kwamba ugonjwa hauishii siku ya kwanza, na kwamba gharama inayokuja baadaye ndiyo inayomwangusha mtu aliyekwisha kufungwa jeraha.

Hapa mjini kwetu Moshi jina la huyo Msamaria limeandikwa kwenye hati. Shirika la Msamaria Mwema ndilo lenye hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na kila mmoja wetu ana mtu wake aliyepita katika milango yake. Tumelichukua jina. Tuchukue na hesabu yake yote, ya mafuta, ya mnyama, ya nyumba ya wageni na ya siku iliyopotea, maana mpaka leo sisi tumeshughulika na mafuta tu.

Mtauliza: kuhesabu kunaponya nani? Nitawajibu kwa mambo yaliyotukia.

Mwaka 1977 nchi hii ilianza mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na bega kwa bega na madaktari wetu alifanya kazi Karel Styblo, mzaliwa wa nchi ya Wacheki, mtu aliyepata TB yeye mwenyewe akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Wakati huo dozi ya kawaida ilikuwa ya miezi 12, ya dawa za bei rahisi. Dozi mpya iliyokuwa na rifampisini ilikuwa fupi, lakini dawa zake zilikuwa ghali, na wengi walisema Afrika haiwezi kumudu dawa ghali. Hapo ndipo kalamu ilipofanya kazi. Hesabu za Tanzania, Malawi na Msumbiji ziliwekwa pamoja na kuchapishwa mwaka 1991 katika jarida la Lancet la Uingereza. Waliohesabu hawakuishia kwenye bei ya vidonge. Waliuliza: fedha yote tuliyotumia imeponya watu wangapi? Kwa kipimo hicho dozi ghali ndiyo iliyokuwa nafuu, maana watu waliimaliza na kupona, na wengi wenye dozi ya mwaka mzima waliiachia njiani. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ikatoa ripoti yake kuhusu afya, ikapima magonjwa kwa miaka ya uhai inayopotea kwa kifo na kwa ulemavu, na kuitibu TB kwa dozi fupi kukawekwa miongoni mwa matumizi bora kabisa ya fedha ya afya ambayo nchi maskini inaweza kuyafanya. Dunia ikaichukua njia hiyo ikaieneza kila bara. Iliota hapa! Daftari za kliniki za Tanzania, zilizoandikwa kwa mkono na wauguzi wa wilaya, zilisaidia kuishawishi dunia nzima itoe fedha. Msimruhusu mtu awaambie kuandika ni kazi ya wazungu.

Jambo la pili liko karibu zaidi. Matibabu ya TB sugu yalianza nchini mwaka 2009, pale Kibong'oto, na kwa miaka ya mwanzo mgonjwa kutoka pembe yoyote ya nchi alisafirishwa mpaka Siha. Alikaa miezi mbali na wake. Alichomwa sindano kila siku kwa miezi mingi, na vidonge aliendelea navyo hadi karibu miaka miwili. Sindano zile, kanamaisini na wenzake, ziliponya kifua na kuua masikio ya wengi. Mfikirie mtu wa soko amerudi nyumbani amepona, anasimama nyuma ya meza, mteja anauliza bei, yeye anaona midomo inatikisika. Katika vitabu vya hospitali mtu huyo ameandikwa kuwa amepona, na ni kweli amepona. Lakini mkihesabu kwa kipimo cha Marko, katika safu ya mali na safu ya matokeo, yule bado anavuja damu.

Kisha dawa mpya zikaja. Bedakwilini iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kuanzia mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaanza kuziondoa zile sindano. Mwaka 2022 likapendekeza dozi ya vidonge vitupu, ya miezi sita, yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini, Belarusi na Uzbekistani, wagonjwa 89 katika kila 100 waliopewa dozi hiyo walimaliza salama. Kwa dozi za zamani walikuwa 52. Miezi sita badala ya hadi ishirini. Jamani, zidisheni wenyewe hiyo miezi iliyookolewa kwa siku 26 za soko, kisha kwa faida yenu ya siku, ndipo mtaelewa dawa mpya ina thamani gani. Bei iliyoandikwa kwenye kopo haiwezi kuwaambia hilo.

Na bei ya kopo nayo ilishushwa na watu waliohesabu kilichowapotea. Phumeza Tisile wa Afrika Kusini na Nandita Venkatesan wa India, wanawake wawili waliopona TB na kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya dawa zile za zamani, walipeleka pingamizi katika ofisi ya hataza ya India dhidi ya ombi la kampuni ya Johnson & Johnson la kurefusha ulinzi wake juu ya bedakwilini. Machi 2023 ofisi hiyo ililikataa ombi la kampuni. Agosti ya mwaka huohuo dozi ya miezi sita ya bedakwilini, kwa nchi zinazonunua kupitia mfuko wa kimataifa wa dawa za TB, ilishuka kutoka dola 289 hadi dola 130. Wanawake wawili waliopoteza kusikia waliifanya dunia isikie. Nasema hivi kwa ajili ya yeyote kati yenu anayedhani kwamba mgonjwa hana la kusema mbele ya wakubwa.

Lakini nawaonya pia, maana mhubiri asiyeonya hajamaliza kazi. Si kila kipya ni kizuri. Miaka kadhaa iliyopita wagonjwa wa hapahapa Moshi, pamoja na wa nchi nyingine, walishiriki katika jaribio la REMoxTB, lililotaka kuifupisha dozi ya kawaida kutoka miezi sita hadi minne kwa kutumia moksifloksasini. Sote tungefurahi: miezi miwili ya nauli na ya siku zilizokufa ingerudi mfukoni. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Makohozi yalisafishika upesi zaidi, lakini waliougua tena baada ya dozi walikuwa wengi mno kuliko wale wa miezi sita. Dozi ile ikakataliwa. Jaribio lile halikupotea bure, na wagonjwa wale wa Moshi walifanya kazi ya heshima: walizuia mamilioni ya watu kuuziwa matumaini. Mwaka 2021 jaribio jingine, lenye mchanganyiko tofauti wa dawa, ndilo lililoonyesha kwamba miezi minne inawezekana. Kwa hiyo yeyote atakayekuja Kiboriloni na chupa yake akipaza sauti kwamba inatibu TB, kisukari na presha kwa wiki mbili, awe amevaa koti jeupe au joho, muulizeni kwa kipimo cha Marko: ni wangapi wameitumia, kwa muda gani, kwa fedha kiasi gani, na wangapi wamebaki wazima baada ya mwaka? Akikosa jibu, fungeni pochi zenu.

Sasa naongea na wenye madaraka, kwa heshima. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Twaipokea kwa shukrani. Lakini bima hulipa hospitali, na katika mfano wetu dozi tayari ilikuwa bure. Zile 440,000 za siku zilizofungwa bima haitazigusa. Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao unajua njia ya kumfikishia maskini fedha mkononi. Nawaomba viongozi wa mkoa, wa manispaa na wa mitaa: kaya yenye mgonjwa wa TB iingizwe katika msaada huo kwa miezi ya dozi, kisha itoke. Na kila kliniki ya TB iongeze safu moja kwenye daftari lake, iandikwe siku za kazi alizopoteza mgonjwa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za TB zikatikiswa katika nchi nyingi. Fedha ikipungua, wanaopanga bajeti hukata kwanza kile ambacho hakuna aliyewaonyesha thamani yake. Tuwaonyeshe mapema.

Na ninyi wafanyabiashara wa soko hili. Mwenzenu akianza dozi, meza yake isigawiwe. Kubalianeni, mwandike, mweke sahihi: miezi sita meza ni yake, na jirani wa kushoto na wa kulia watamuuzia mzigo wake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, simamisheni marejesho ya mgonjwa mpaka mwezi wa tatu wa dozi, na msimtoze faini. Mkimbana leo atakwenda kausha damu, na kesho mtakuwa mmempoteza mwanachama na fedha yenu. Mwenye duka la dawa, nakusihi mbele za Mungu: mteja akija mara ya pili na kikohozi kilekile, usimuuzie chupa. Mwambie akapime makohozi. Utakosa faida ya chupa moja, na mtu atafika hospitali wiki nne kabla ya siku ambayo angefika. Ipo mashine ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali tangu mwaka 2010, inatoa jibu ndani ya saa mbili kama makohozi yana TB na kama TB hiyo imekuwa sugu kwa rifampisini. Mashine hiyo haiwezi kumsaidia mtu aliyekaa dukani kwako akinywa sharubati.

Wazee wa kanisa, sadaka ya wagonjwa tunayoitoa humalizikia kwenye sabuni na matunda ya siku ya kutembelea. Nayaheshimu matunda. Lakini safari 14 kwa 2,000 ni 28,000. Usharika ambao umeweza kujenga mnara hauwezi kushindwa nauli ya watu watano. Bwana mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayekaa kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Tumehesabu gharama za mnara mara nyingi. Tuhesabu gharama za mtu.

Mgonjwa, nimekuweka mwisho kwa sababu wewe ndiwe mwenye ushahidi. Yule mama wa Marko, Bwana alipouliza ni nani aliyemgusa, alikuja akitetemeka akasema kweli yote. Nawe sema yote. Nunua daftari la kurasa 40. Kila jioni andika: leo nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, dawa za kununua kiasi gani, nimefungua meza au sikufungua, nimekopa kwa nani. Usione haya kuandika kwamba umeuza kuku. Ukimaliza dozi, lilete daftari hilo kanisani au kwa mwenyekiti wa mtaa. Tutayajumlisha madaftari yote pamoja, majina yenu tutayafunika, na jumla tutaipeleka manispaa na kwa mbunge, ikiwa na nauli, mayai na siku za soko za Kiboriloni.

Na wewe unayesoma hapa huku umeziba mdomo kwa kitambaa, kikohozi chako kimepita wiki mbili, usiku unaloa jasho na nguo zinakupwaya, usingoje daftari wala Jumapili. Kesho asubuhi, kabla hujafungua meza, nenda hospitali ya Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwaambie unataka kupima makohozi. Hawatakudai hata shilingi moja, na kila wiki utakayochelewa, wewe na nyumba yako ndio mtakaoilipa.